Gia oili ya Ferguson 35 ya mzee: ndoo za kwanza nilikosea, duka moja Nakuru likaninyorosha

Wacha nianze na nyota ndio wenye haraka wajiendee. Duka nyota 4. Oili nyota 5, hapo sina maneno. Mimi mwenyewe, kwa zile ndoo za kwanza nilizonunua bila kuuliza, nyota 1 na hiyo ni ya kunionea huruma. Wenye mko na trekta ya zamani kwa boma vuteni kiti, ju hii stori iko na kona.

Sisi tuko juu huku Molo, upande wa msitu. Asubuhi ya mwezi wa saba ukitoka nje bila koti hakuna mtu anakuambia rudi, unarudi mwenyewe. Mzee ako na Massey Ferguson 35, ile nyekundu ya injini ya Perkins piston tatu, aliinunua miaka ya themanini ikiwa tayari imelimia watu wengine, kwa shamba moja kubwa upande wa Njoro walikuwa wanauza vyombo. Mimi hata sikuwa nimezaliwa. Hiyo trekta imelima waru, imelima ngano, imebeba mbolea, mawe, maji, bibi harusi mara moja, na imelipa karo ya watu wanne. Ukiiharibu hujaharibu chuma, umegusa mtu wa familia.

Mwaka jana mvua zikiisha nikachomoa dipstiki ya gia boksi nikakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Rangi ile ile kabisa, ungetia sukari ungekunywa. Hapo hakuna siri, maji yameingia, na kwa hizi za zamani mara nyingi yanapitia pale kwa leva ya gia, ile raba inazeeka inapasuka alafu trekta inalala nje kwa mvua kama mbwa. Sawa, tumwage tuweke ingine, nikatumwa mimi. Nikaingia duka la kwanza nililoona karibu na steji (sio hili ninalosifu, na hilo sitalitaja), nikasema nataka gia oili ya trekta. Kijana wa duka hakuuliza kitu. Akageuka, akashusha ndoo imeandikwa 85W-140, chini yake GL-5, iko na picha ya lori. Akaniambia trekta ni mashine nzito inataka oili nzito. Na mimi nikaona huyu kijana ana akili! Ju hata mafundi wetu wa huku husema hivo hivo, oili ikining'inia kwa kijiti kama asali basi hiyo ndio oili. Nikabeba ndoo mbili nikaenda nyumbani kama mtu amefanya kazi.

Mateso yakaanza asubuhi iliyofuata. Unawasha, injini inashika vizuri, unavuta leva ya hidroliki uinue plau, na plau inakuangalia tu. Unangoja. Pampu inalia huko chini sauti kama mtoto amebanwa na mlango. Unangoja tena. Siku moja nilihesabu pole pole nikafika 20 na kitu ndio mikono ya nyuma ikaanza kupanda, tena ikipanda kwa kujishuku. Kubadilisha gia nako ilikuwa ni kama kukoroga ugali umekauka. Ikifika saa sita, jua limetoka na trekta imepata joto, mambo yanakuwa sawa, kwa hivyo kila nikilalamika mtu ananiambia ni baridi tu, ngoja ipate moto. Mzee alipanda siku moja, akainua leva, akaishusha, akaiinua tena, akaniuliza, "Kijana, hii uliweka oili ama uliweka asali?" Sikuwa na jibu.

Sasa hapa ndio kuna kitu sikuwa najua na nimemiliki hii trekta kwa macho maisha yangu yote. Kwa Ferguson 35 gia boksi, difu (zile gia za ekseli ya nyuma) na hidroliki zote zinakunywa kutoka kwa tumbo moja. Hakuna tanki ya hidroliki pembeni kama hizi trekta za kisasa. Ni oili moja, karibu lita 30, inapaka gia, inapaka difu, na hiyo hiyo pampu inaifyonza inainua plau. Na pampu yenyewe imekaa ndani huko chini, imezama kwa oili, tena ule mfumo wa Ferguson valvu inayoamua kuinua au kushusha iko upande wa kufyonza, si upande wa kusukuma. Ukiipa oili nzito asubuhi ya baridi ni kama umempa mtu uji mzito na mrija mwembamba. Atavuta mpaka mashavu yaingie ndani na hakuna kitu kinakuja. Ile kelele nilikuwa nasikia ni pampu inafyonza na haipati, na pampu ikifanya kazi hivo siku nyingi inajila yenyewe.

Kwa hivyo Ijumaa moja nikachota ile oili kidogo kwa chupa ya maji, nikapanda matatu ya Nakuru, nikaenda kutafuta mtu wa kunieleza.

Duka lenyewe ni dogo, liko kwa zile barabara za upande wa Industrial Area, nje kuna madram yamepangwa na mkokoteni mmoja umelala hapo. Ndani kuna mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, anaandika kwa daftari. Nikamsalimia nikasema nataka gia oili ya trekta. Maneno yale yale ya siku ile.

"Trekta gani?"

"Ferguson."

"Ferguson gani, mwanangu? Ferguson ni nyingi."

"Thelathini na tano."

"Hidroliki iko pamoja na gia boksi ama iko peke yake?"

Jamani. Hiyo swali peke yake ndio nyota tatu kati ya zile nne. Mtu hajataja bei, hajashusha kitu kwa shelfu, anataka kwanza kujua oili inaenda kuishi wapi. Nikampa ile chupa. Akaweka tone kwa kidole, akasugua, akanusa, akavaa miwani akaniangalia vizuri. "Hii ni ya difu ya lori," akasema. Akaninusisha pia, kuna ile harufu ya yai viza, mnaijua, hiyo ni salfa.

Alafu akatoa chupa tano za soda zenye oili tofauti, zimejazwa karibu na shingo na kufungwa, zimekaa hapo kaunta kwa kazi hiyo tu. Anakupa mbili unazigeuza pamoja juu chini uone hewa inapanda haraka kwa gani. Ya 140 kale kahewa kalitambaa kama konokono. Ya trekta kalipanda mara moja. Hakuna maelezo marefu, unaona na macho yako.

Wacha nieleze hizi namba vile nilielewa, ju ndio watu wengi wanapotelea hapo na mimi nikiwa mmoja wao. Namba za gia oili na namba za oili ya injini ni rula mbili tofauti, kama kupima mbao kwa futi na kupima kwa sentimita. Mtu akiona 90 kwa gia oili na 50 kwa oili ya injini anafikiri ile ya 90 ni nzito karibu mara mbili, kumbe zinakaribiana uzito, 90 ya gia inaangukia kwa 40 na 50 ya injini. Na ile 10W-30 imeandikwa kwa ndoo ya trekta, kwa rula ya gia inakuwa kama 80. Ndio maana mtu anakataa oili ya trekta akisema hii ni nyepesi, ni ya pikipiki, kumbe amesoma rula ingine. Ile 140 niliyoweka, ikiwa moto wa 100 inatakiwa iwe na uzito wa 24 kwenda juu kwa kipimo chao, na hii ya trekta iko chini ya nusu ya hiyo. Hapo ni moto. Sasa fikiria saa kumi na mbili asubuhi Molo.

Na ile W ni ya majira ya baridi ya wazungu. 85W wanaipima kwenye baridi ya -12, 80W -26, 75W -40, wanaangalia kama bado inaweza kuteleza ama imekuwa jiwe. Huku kwetu hatufiki huko hata siku ya mvua ya mawe, kwa hivyo mkulima wa Molo akibishana kuhusu W anapoteza wakati, kinachokuumiza ni ile namba ya nyuma. Mimi yangu ilikuwa 140. Hapo ndio kesi ilikuwa.

Kuna kitu cha pili, na huyu mama alikirudia mara mbili ndio nisisahau, hiyo GL, yaani daraja la dawa iliyo ndani ya gia oili. GL-1 ni oili tupu bila dawa, ya mashine za kale kale. GL-4 iko na dawa ya kukinga gia zisisagane, GL-5 iko na hiyo dawa kwa wingi, watu husema kama mara mbili, ju imetengenezewa zile difu za gari na lori ambazo meno yake yanatelezeana kwa nguvu sana. Mtu anasema basi tano si ni kubwa kuliko nne, nipe tano. Hapana. Ile dawa ni salfa na fosforasi, na kwa gia boksi za zamani kuna vitu vya shaba ndani, bushi, washa, pete za sinkronaizi kwa zile ziko nazo, na salfa na shaba hawapatani. Inaila pole pole. Hauoni leo, hauoni mwaka ujao, alafu siku moja unamwaga oili unakuta vumbi la dhahabu linang'aa chini ya beseni na unafikiri umebarikiwa. Siku hizi kuna GL-5 zenye dawa ya kutuliza hiyo mambo, lakini kwa gia boksi ya mzee mimi sijaribu bahati.

Mfano mzuri wa kusoma lebo alinionyesha kwa Shell, ju walikuwa nazo zote mbili hapo kwa shelfu. Kuna Spirax S2 G na kuna Spirax S2 A, zote zinaweza kuandikwa 80W-90, ndoo zinafanana kama mapacha. Ya G ni GL-4, ya gia boksi. Ya A ni GL-5, ya difu. Herufi moja! Mtu akitumwa kwa simu "leta Spirax tisini" ataleta ile ameona kwanza, na nyinyi wote mtalala mkijua kazi imefanyika.

Lakini yangu haikuwa ya G wala ya A. Alinipa ile wanaita UTTO, oili moja ya trekta ya gia, difu na hidroliki pamoja, Spirax S4 TXM. Nyuma ya ndoo unatafuta namba za Massey Ferguson zenyewe, M1143 na M1145, ukiziona hapo unajua watengenezaji walifikiria tumbo kama la yako. Kampuni zingine pia wako na za kwao, TotalEnergies wako na Dynatrans MPV, mama alisema yeyote kati ya hizo ni sawa mradi hizo namba ziko, hakunisukumia ile ya bei ya juu. Hizi UTTO ziko hata na dawa ya breki za kuzama kwa oili, ile ya kuzuia zisilie, lakini sisi yetu breki ni dram kavu huko nje kwa magurudumu kwa hivyo hiyo dawa tunailipia bure. Sawa tu. Onyo moja alinipa nikiwa nishageuka kuondoka: usiweke hii kwa injini. Kuna ndugu yake inaitwa STOU, hiyo ndio inaenda kote mpaka injini. UTTO injini hapana. Najua mtu huku kwetu anaweza kufanya hivo akijiambia anaokoa pesa, najua hata jina lake na analala kwa chumba cha pili kutoka kwangu.

Bei. Nililipa 11,500 kwa ndoo ya lita 20, nikachukua mbili, kumi zinabaki za kuongezea. Si bei ya chini. Ile 140 nilikuwa nimelipa karibu 2,000 chini kwa kila ndoo, kwa hivyo ukitaka kujua mjinga analipa mara ngapi, analipa mara mbili na nauli. Nilijaribu kuomba apunguze, akacheka, akaniongezea faneli ya plastiki na kitambaa. Oili ya kupima kutoka kwa dram hauzi, nilimuuliza, akasema mtu akitaka ya kupima aende huko barabarani. Namuelewa. Hii biashara ya oili iko na bandia nyingi, ndoo za zamani zinajazwa vitu, kwa hivyo popote unanunua angalia sili haijaguswa, angalia alama ya KEBS, ile namba ya chini yake unaituma 20023 ukianza na SM# na wanakujibu ni ya nani. Nilifanya hivo nikiwa mbele yake pale kaunta na hakukasirika, alingoja tu.

Mahali nimekata nyota ni hapa. Jumamosi wanafunga saa saba kamili, sio saa saba na dakika, ukikuta mlango umevutwa umevutwa, na sisi wa mbali Jumamosi ndio siku yetu. Hawana mtu wa kukusaidia kubeba, ule mkokoteni nje ni wa mtu mwingine na nililipa 150 mpaka steji. Na pale steji makanga akaangalia ndoo zangu mbili akasema hao ni abiria wawili. Nikamuuliza kama atawapa mkanda. Nililipa mmoja na nusu tukaelewana.

Kazi ya kubadilisha tulifanya siku mbili na fundi wetu wa jirani. Yeye alikuwa bado ni wa dini ya oili nzito, alipoona hii inamwagika kama mafuta ya kupikia akatingisha kichwa akasema gia zitalia. Mzee akamwambia zilie, angalau nitasikia ziko. Kwanza tuliizungusha trekta mpaka ikapata joto, ju ile 140 ikiwa baridi haitoki, inachungulia tu. Chini kuna zaidi ya kizibo kimoja, ukifungua kimoja tu oili nyingine inabaki ndani na unachanganya, kwa hivyo fungua vyote uache usiku mzima. Tulifungua na kava la pembeni, ndani kulikuwa na matope ya kijivu yamelala chini, miaka na miaka, tukayachota na kijiko cha zamani cha mama (hajui, na asijue). Gasketi ya kava tukakata mpya. Raba ya leva ya gia tukashona ya tubu ya gurudumu na kufunga na klipu, si maridadi lakini mvua haijapita hapo tena, na bila hiyo kazi yote ingekuwa ya bure ju ungeweka oili ya elfu ishirini alafu ugeuze iwe chai tena.

Usijaze kupita alama ya dipstiki. Kwa hizi trekta ikizidi inatafuta njia ya ekseli za nyuma, sili zikiwa zimechoka inapenya mpaka kwa dram za breki, na siku utaijua ni siku uko kwa mteremko na trela la waru nyuma.

Nikiwa na udadisi wangu nikafanya na majaribio. Nilikata waya ya shaba ya umeme vipande viwili, nikavisugua na msasa mpaka vikang'aa, kimoja kwa chupa ya jam yenye ile GL-5, kingine kwa chupa yenye hii mpya, nikaziweka kwa sufuria ya maji ya moto jikoni jioni yote. Mama akaniuliza kama napika supu ya trekta. Maabara wana kipimo kama hicho cha kipande cha shaba, lakini wao wanapandisha moto mpaka 121 kwa masaa matatu, mimi na sufuria huku Molo maji yenyewe yanachemka yakiwa 92 hivi kwa sababu ya urefu wa milima, kwa hivyo msininukuu kortini. Ila waya ya GL-5 ilitoka imekuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, ile nyingine ilififia kidogo tu. Fundi aliona zote mbili, akazigeuza geuza, hakusema kitu, na kwa huyo mtu kunyamaza ni kusalimu amri.

Sasa kuna stori moja ya theluji. Mzee hupenda kuwaambia watu kwamba babu ya trekta yake alifika mwisho wa dunia, na sisi watoto tulikuwa tunajua ni maneno ya chang'aa mpaka nikaisoma mwenyewe. Ni kweli kabisa. Edmund Hillary, yule wa Everest, alitoka Scott Base, kambi ya huko Antaktika, mwezi wa kumi 1957 na Ferguson TE20 tatu, hizi hizi za kijivu za shamba ambazo 35 ilikuja kuchukua nafasi yake, wamezivalisha minyororo ya kukanyagia theluji kuzunguka magurudumu, akafika South Pole tarehe 4 mwezi wa kwanza 1958. Fuchs, yule Mwingereza aliyeongoza safari yenyewe ya kuvuka Antaktika, alikuja kutoka upande wa pili na Sno-Cat, yale magari makubwa ya theluji ya Tucker yenye injini ya Chrysler V8 na nyayo nne, akafika siku 15 baadaye. Trekta ya kulima ilitangulia! Mzee akifika hapo kwa stori lazima asimame.

Na ukifikiria, swali la mtu mwenye gari la theluji la kale huko Marekani ama Norway ni lile lile langu, limegeuzwa tu. Yeye kama difu zake ziko peke yake bila hidroliki atafute gia oili ya kawaida, na kwake sasa ile W ndio mwenye nyumba, 75W-90 badala ya 85W-140, ju asubuhi yake ni -20 na oili nzito itamvunjia kitu kabla haijapata joto. Na ile ya shaba inabaki pale pale, afungue ajue kuna nini ndani kabla ya kuokota GL-5 kwa shelfu. Mimi langu ni tumbo moja la vitu vitatu na baridi ya koti mbili. Yeye barafu. Hakuna mmoja wetu anasaidika na ndoo iliyoandikwa heavy duty.

Matokeo, ju ndio mlikuja kusoma. Ni miezi mitatu sasa. Asubuhi ya kwanza nilivuta leva nikaanza kuhesabu, nikafika tatu plau iko juu. Nikafikiri nimekosea nikaishusha nikarudia. Tatu tena. Pampu haitoi sauti. Gia zinaingia bila kugombana, hata ya kurudi nyuma ambayo ilikuwa inataka maombi. Ubaya nao nitausema: fundi hakuwa mwongo kabisa, gia ya pili inaimba kidogo kuliko zamani ukiwa na mzigo, ju meno yamelika na ile oili nzito ilikuwa inaficha. Na sili ya ekseli ya kulia imeanza kutoa jasho, sio kudondoka, ni unyevu tu na vumbi linashika hapo. Hiyo ni sili imezeeka, 140 ilikuwa imeiziba kama kamasi. Nitaibadilisha kabla ya kupanda. Ningechagua tena hivo hivo, kelele kidogo na jasho ni afadhali kuliko kununua pampu.

Ile 140 ilibaki lita kumi hazijaguswa, nikamuuzia jirani mwenye lori la zamani, ya difu, na kwake imekaa sawa kabisa, hana kelele yoyote. Bado hajanilipa lakini hiyo si makosa ya oili.

Kuna kitu kimoja tu kimebaki. Yule mama wakati ananiandikia risiti aliniuliza, "Na steringi boksi?" Nikamwambia steringi boksi iko sawa. Akaniangalia juu ya miwani, hakusema kitu. Jana nimefungua kizibo cha steringi boksi, ambayo iko na oili yake peke yake haihusiani na lile tumbo, nikatia kijiti, kikatoka kikavu kama kuni. Kwa hivyo Jumamosi narudi huko kuchukua lita moja ya 90, na nitaamka mapema ju saa saba si mbali.